Ubatizo Haukuanzia Yordani

Kila yanapozuka mabishano juu ya ubatizo katika shule zetu, swali huwa moja: maji kiasi gani? Mmoja hushikilia kwamba asiyezamishwa mwili mzima hajabatizwa. Mwenzake humjibu kwamba maji machache kichwani yatosha. Nathubutu kusema kwamba wote wawili wameingia katikati ya kisa. Yohana Mbatizaji hakubuni josho. Alilikuta kwa Wayahudi wenzake.

Ozi, karibu na Kipini, mahali mto Tana unapokaribia Bahari ya Hindi, mkulima wa mpunga hahitaji mhadhara ili ajue kwamba maji hayafanani. Mto ukipungua nguvu, bahari huupanda na chumvi yake, na mpunga ukaharibika. Wanazuoni wa Kiyahudi nao waliyapanga maji kwa daraja, ijapokuwa kwa sababu nyingine. Mishna, mkusanyo wa sheria zao wa yapata mwaka 200 B.K., yataja daraja sita. Ya chini kabisa ni maji ya shimoni. Ya juu kabisa ni maji hai, yaani ya chemchemi itiririkayo. Baina yake lipo birika la sea 40, kipimo cha kale cha lita mia kadhaa, na maji yake hayawi ya kutekwa kwa chombo. Hata bahari ilizua ubishi: ihesabiwe kama birika, au kama chemchemi?

Chimbuko la hayo ni Torati. Walawi 14 na 15 humwamuru aliyepona ukoma, au aliyetokwa na shahawa, aoge ndipo atakasike. Huo ulikuwa unajisi wa kiibada, wala si lazima uwe dhambi. Mwanafunzi Mwislamu wa Ozi atalielewa jambo hili upesi kuliko wengi, kwani josho la janaba analijua: maji yaufikie mwili wote, ndipo asali. Kwa hiyo naona ni hasara somo hili kufundishwa kana kwamba linawahusu wanafunzi Wakristo peke yao.

Wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua mamia ya mabirika yenye ngazi, Yerusalemu, Qumran na kwingineko, mengi yakiwa ya nyakati za Yohana au kabla yake. Hata neno lenyewe ni la zamani. Wayahudi walioifasiri Wafalme wa Pili kwa Kiyunani, kabla ya Ukristo kuwapo, walitumia kitenzi baptizo, asili ya neno letu batiza, waliposimulia Naamani alivyojichovya Yordani mara saba.

Basi Yohana alileta nini kipya? Myahudi alijizamisha mwenyewe, tena kila alipohitaji. Kwa Yohana, mtu alizamishwa na mwingine, baada ya kuitwa atubu. Josephus, mwanahistoria Myahudi aliyeandika mwishoni mwa karne ya kwanza, aeleza kwamba josho hilo lilikuwa la kuutakasa mwili, roho ikiwa imekwisha kusafishwa kwa uadilifu. Injili ya Marko yalihusisha na ondoleo la dhambi. Tofauti hiyo si ndogo, na mwalimu asiipite mbio. Wapo wanaolihusisha pia na josho la waongofu walioingia dini ya Kiyahudi, lakini umri wa desturi hiyo wabishaniwa, nami sioni haja ya kuitegemea.

Turudi kwenye swali la kiasi. Didake, mwongozo wa kanisa la awali, waagiza ubatizo ufanywe katika maji hai. Yasipopatikana, yatumike maji mengine; ya baridi yakikosekana, ya moto; na yote yakiwa haba, yamiminwe kichwani mara tatu. Mabishano yote ya wanafunzi wetu yamo humo, pamoja na jibu lake. Aliyeandika agizo hilo alikuwa Mkristo, lakini maji alikuwa bado anayapanga kwa daraja kama Wayahudi.