Hata Programu Zina Jina Mtaani: Hivi Ndivyo Zinajua Nani Mkora

Kama ushawahi vuta muvi kwa torrent, kompyuta yako ilikuwa inadili na mashine za wasee hujawahi ona. Hakuna mdosi, hakuna karao, na mtu yeyote anaingia. Sasa inajuaje nani ni mtu wa maana na nani amekuja tu kudandia?

Bram Cohen, Mmarekani aliyetoa BitTorrent mwaka wa 2001, alitumia sheria rahisi: nipe nikupe. Faili inakatwa vipande. Kila sekunde 10, programu yako inacheki nani anakutumia vipande haraka, na hao ndio inawarudishia. Ukikaa ngumu, unafungiwa mfereji. Lakini kila sekunde 30 inachagua msee mwingine na kumjaribu, juu bila hivyo mgeni hangepata pa kuanzia.

Hiyo ni fiti kama mmeshakutana. Na kama hamjuani? Unauliza mtaa. Mwaka wa 2003, watafiti wa Stanford walileta EigenTrust. Kila mashine inapea alama zile imedili nazo, halafu alama zote zinajumlishwa. Ujanja uko hapa: neno la anayeaminika linabeba uzito kuliko la mkora. Ni kama kutafuta fundi. Unauliza jirani unayemwamini, si kila anayepita kwa geti.

Shida ni kwamba kwa intaneti majina ni ya bure. Mkora anafungua akaunti 1,000, zote zinamsifu. Hiyo inaitwa shambulio la Sybil. Mwaka wa 2002, John Douceur wa Microsoft alionyesha kwamba bila mtu wa kati wa kuthibitisha nani ni nani, kulizuia kabisa ni karibu haiwezekani. Mwingine akiharibu jina, anatupa akaunti na kurudi msafi, kama mathree iliyopigwa rangi mpya baada ya kuharibia watu siku.

Dawa? Jina lazima ligharimu kitu. Bitcoin, iliyoanza 2009, haihesabu majina. Inahesabu nguvu ya kompyuta, na hiyo inakula stima. Akaunti 1,000 bila mashine ni hewa tu.

Kwa hivyo kabla utume doh kwa muuzaji wa mtandaoni mwenye nyota 5, usiulize tu wangapi wamemsifu. Jiulize: akinikula leo, kuanza upya kesho na jina lingine kutamgharimu ngapi? Kama jibu ni sufuri, hizo nyota pia ni sufuri. Chanuka.