Kuuguza Kuna Gharama: Utangulizi

Bibi wa kata ya Ntobeye, wilayani Ngara, mkoani Kagera, aliyepigwa na kiharusi akatibiwa hospitali ya Murgwanza, hurudi nyumbani akiwa hai, lakini upande mmoja wa mwili umelala. Tangu hapo anachohitaji zaidi si dawa, ni mtu. Mtu wa kumgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda vya kulalia. Wa kumwinua kichwa anapokunywa uji usije ukampalia. Wa kuchota maji na kufua mashuka kila asubuhi. Hali hiyo huweza kudumu miaka. Fani ninayokukaribisha, ya kugharimia utunzaji wa muda mrefu, huanzia hapo: kazi hii inalipiwa na nani, na fedha zake ziwekwe akiba lini?

Bima ya afya tuliyoizoea haijibu swali hilo. Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliotokana na sheria ya 1999, iliundwa kulipia matibabu. Kuogeshwa na kulishwa hubaki mikononi mwa binti au mkaza mwana anayeacha palizi ya kahawa, au mjukuu anayekosa shule. Jasho lao haliingii katika hesabu yoyote, na kwangu huo ndio upungufu mkubwa kuliko wote katika maandishi ya uchumi wa vijiji vyetu.

Si kwamba watu wa Kagera hawajui bima. Huko Nyakatoke, kijiji cha Wahaya, mtafiti Joachim De Weerdt na wenzake walichunguza vikundi vya mazishi ambavyo, kwa kila hali, ni bima: wanachama wanajulikana, michango inajulikana. Vinadumu kwa sababu msiba hauzipigi kaya zote siku moja, na mkishazika, deni limekwisha. Kuuguza hakuna tarehe ya mwisho. Kikundi cha kaya hamsini kikipata wagonjwa watatu wa kitandani kwa miaka sita, kitavunjika, hata wanachama wakipendana vipi.

Ndiyo maana Ujerumani mwaka 1995 na Japani mwaka 2000 zilianzisha bima ya utunzaji ya lazima kwa taifa zima. Japani humchangisha mtu tangu ana miaka 40. Ikiachwa iwe hiari, huwahi kujiunga waliokwisha kuona dalili, ada hupanda, na wazima hujitoa.

Lakini mkulima asiye na mshahara utamkata mchango wapi? Utafiti uliozifuatilia kaya 915 za Kagera tangu 1991 hadi 2010 ulionyesha kwamba waliohama walipata nafuu kubwa ya maisha kuliko waliobaki. Basi mara nyingi mwenye uwezo wa kuchangia yuko mbali, na wa kutunzwa yuko kijijini. Zanzibar ilipita njia nyingine: Aprili 2016 ilianza kumpa kila mwenye miaka 70 au zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka bajeti ya serikali, bila mchango. Naona tuanzie hapo, kwa sababu mzee mwenye chochote mkononi hununua sabuni na kumlipa kijana wa kuchota maji, ilhali bima yenyewe itachukua kizazi kujengwa.

Kazi yako ya kwanza, basi, ni kukaa na kaya moja inayouguza na kuandika, saa kwa saa, nani anafanya nini.