Unyoya wa Kuku na Gari la Wajerumani

Paukwa! Leo sungura na fisi wapumzike, wajukuu zangu. Nina habari za Esther Mahlangu, Mndebele aliyezaliwa mwaka 1935 huko Middelburg, Afrika Kusini.

Alikuwa na miaka 10 alipoanza kufundishwa na mama na bibi yake kupamba kuta za nyumba, kazi ambayo kwa Wandebele ni ya wanawake. Jua la mchana likiwa kali, wakubwa huingia ndani kupumzika. Esther naye hunyakua rangi na kuendelea peke yake! Wakitoka, wanakuta ukuta umevurugwa. Wakamgombeza: nenda kachezee nyuma ya nyumba. Akaenda, akachora, akachora tena, mpaka siku moja wakamwita aje kuchora mbele.

Mbele si mahali pa mchezo, maana ndipo mpita njia anapojua ni nyumba ya nani. Na michoro hiyo ina historia yake: mwaka 1883, baada ya kuzingirwa kwa miezi mingi, Wandebele wa mfalme Nyabela walishindwa na Makaburu. Ardhi ikachukuliwa, mfalme akafungwa, watu wakagawanywa mashambani kufanya kazi kwa lazima. Miaka iliyofuata, wanawake wakazidi kupamba kuta zao. Ukiona michoro ile, hata kama umetengwa na ndugu zako wote, unajua hapa wapo wenzako.

Mwanzoni walitumia udongo, chokaa, masizi na samadi ya ng'ombe. Rangi za dukani zilikuja baadaye, na ndizo zilizoleta ule mng'ao tunaoujua leo. Mstari mweusi huchorwa kwanza, kisha rangi hujazwa ndani yake. Rula hakuna, penseli hakuna. Kuna unyoya wa kuku tu. Na wanachora nini? Wembe! Taa za umeme! Hata ndege za angani! Mimi napenda hapo hasa: chochote kilichoingia katika maisha yao kiliweza kuingia ukutani.

Mwaka 1989 Esther aliitwa Paris kuchora katika maonyesho makubwa ya sanaa. Mwaka 1991 akapewa gari la Wajerumani, BMW, alipambe, mwanamke wa kwanza katika orodha ya waliopewa kazi hiyo, yenye wachoraji kama Andy Warhol. Wapo wanaosema lile lilikuwa tangazo la biashara. Huenda, magari huuzwa. Lakini litazameni: mistari myeusi na weupe wa ukuta wa kijijini, kuanzia boneti hadi buti.

Mwaka 2024 gari hilo lilirudi Afrika Kusini, likawekwa katika maonyesho ya kazi zake mjini Cape Town. Jina la maonyesho hayo lilitokana na ile siku alipoitwa mbele ya nyumba, akajua kwamba anaweza. Nyumbani kwake Mpumalanga amefundisha watoto kuchanganya rangi na kunyoosha mstari kwa mkono mtupu. Bila rula.