Simu Ipo Mfukoni, Maneno Hayapo

Hapo zamani, dereva aliyepinduka usiku kati ya Nakuru na Eldoret hakuwa na la kufanya ila kumngojea mpita njia mwenye huruma. Simu za mkononi zilikuwa za matajiri wachache. Isitoshe, nambari ya dharura ya polisi, 999, ilikatika mnamo mwaka wa 1998, wala haikurejeshwa hadi 2013. Kwa miaka 15 mwananchi hakuwa na mlango wa kubisha.

Leo hata mchungaji wa mbuzi ana simu. Je, ajali inapotokea, simu hiyo hufanya kazi gani? Aghalabu hupiga picha. Si haki, hata hivyo, kuwakemea vijana peke yao. Mwulize mwanafunzi wa kidato cha tatu akutajie kanuni ya Pythagoras, atakutajia bila kusita. Mwulize atapiga nambari gani akiona matatu imeangukia mtaroni, naye atakodoa macho.

Na hata anayeijua nambari hushindwa na jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi: kusema yuko wapi. "Tuko hapa Salgaa, njooni haraka!" Salgaa ipi? Anayepokea simu hakuoni. Anataka kujua mji uliopita mwisho, unakoelekea, gari limelala upande gani wa barabara, na kama pana daraja, kanisa au kituo cha mafuta karibu. Anataka idadi ya majeruhi, na kama kuna waliobanwa ndani. Tena lazima umwambie iwapo ni lori la mafuta. Waliokufa Sachangwan tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya mia moja, wengi wao walikuwa wamekusanyika kuchota petroli iliyomwagika.

Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapohitajika. Tunawafundisha watoto mazungumzo ya dukani na ya uwanja wa ndege. Kwa nini tusiwape mazungumzo ya dharura? Mmoja awe shahidi, mwingine awe polisi, na darasa zima lichore ramani kwa kufuata maneno ya shahidi tu. Ramani ikipotoka, maelezo yalikuwa mabovu.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya ubao wa darasa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo yapasa kuanzia kwenye lami, si kwenye lango la hospitali. Walioangamia katika makutano ya Londiani mwezi wa Juni 2023 walikuwa 52. Ilhali mwananchi bado anatakiwa kukumbuka 999 na 112 za polisi, kisha 1199 ya Msalaba Mwekundu. Nambari moja, yenye mtu wa kuipokea usiku na mchana, ingetosha. Na iandikwe kando ya barabara kuu, kila baada ya kilomita moja, pamoja na jina la mahali penyewe.