Mraibu, teja na wazimu wa Wafaransa

Wafaransa humwita mtu aliyenasa kwenye dawa za kulevya "toxicomane". Ukilipasua neno hilo unakuta Kigiriki ndani yake: "toxikon" ilikuwa sumu ya kupaka kwenye mishale, na "mania" ni wazimu. Yaani mwenye wazimu wa sumu! Cha ajabu, anayependa muziki kupita kiasi ni "mélomane", na huyo anaonekana mstaarabu kabisa. Wazimu ni uleule, heshima ndiyo tofauti.

Kiswahili kimepita njia nyingine. Leo tunasema mraibu wa pombe, wa simu, wa kubeti (wapanga mikeka mnajijua). Ila fungua kamusi za zamani uone: uraibu ni kitu cha kutafuna, yaani jani la tambuu likiwa na popoo, chokaa na tumbaku. Ndani ya popoo kuna arekolini, ndani ya tumbaku kuna nikotini, na zote mbili zinachangamsha. Ukishazoea, siku ukikosa mwili unadai. Neno lililotaja kitafunwa leo linataja kule kudai. Hakuna wazimu hapo, kuna mazoea, na kwa maoni yangu hapo wahenga walikuwa karibu zaidi na sayansi kuliko Wafaransa.

Mtaani, kuanzia Kinondoni mpaka Temeke, tuna neno letu: teja. Linachekesha mpaka limwangukie ndugu yako. Lakini mtaa huohuo umetupa pia arosto, neno lililo sahihi kuliko mengi ya vitabuni. Heroini hukaa kwenye vipokezi vya ubongo, na ubongo hujirekebisha kuishi nayo. Ikiisha ghafla, mtu anaumwa mifupa, anatapika, anaharisha, halali. Hiyo ndiyo arosto, na kumwambia mtu "acha tu" haiiondoi.

Methadoni hukaa kwenye vipokezi vilevile, ila inadumu, kwa hiyo dozi moja kwa siku inatosha kuzuia arosto bila kumlevya aliyezoea. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, kisha Mwananyamala na Temeke zikafuata. Mwili wa anayekunywa dawa hiyo bado unaitegemea, kama wa mgonjwa wa kisukari unavyotegemea insulini. Lakini asubuhi anakunywa dozi yake, anapanda daladala, anakwenda gereji kufanya kazi. Majirani bado wanamwita teja.