Tuzo Isisubiri Kesi Iishe

Kila ikifika Desemba 10, Siku ya Haki za Binadamu, vijana kadhaa huitwa mbele ya ukumbi. Cheti kinatolewa, picha zinapigwa, soda zinanywewa, kisha kila mtu anarudi kwao na daladala. Wenzangu kadhaa wameniuliza: hivi kumtambua mtu kunamsaidia nini hasa? Swali zuri, na linatuhusu sana sisi tunaosoma mjini na kulala Mbagala, Tandika, Tandale au Bunju.

Tuanze na nani ni mtetezi. Azimio la Umoja wa Mataifa la Desemba 9, 1998 linasema kila mtu, peke yake au akiwa na wenzake, ana haki ya kutetea haki za binadamu. Halidai digrii, umri wala ofisi. Kijana anayemsindikiza jirani yake hadi Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi ni mtetezi, hata kama amevaa kandambili.

Sasa mfano wa nyumbani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mvulana alitakiwa afikishe 18. Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuanzisha Msichana Initiative, alivipinga vifungu hivyo Mahakama Kuu, akiwakilishwa na wakili Jebra Kambole. Julai 8, 2016 mahakama ikatamka kwamba vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Angalia kilichotokea katikati. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulimpa Gyumi Tuzo yake ya Haki za Binadamu, ambayo hutolewa kila baada ya miaka 5. Miongoni mwa waliotunukiwa pamoja naye alikuwemo Asma Jahangir, wakili wa Pakistan, aliyefariki Februari mwaka huohuo. Mmoja tuzo ilimkuta kaburini. Mwingine ilimkuta rufaa ikiwa bado haijaamuliwa.

Hapo ndipo jibu langu lilipo. Majaji huamua kwa sheria, siyo kwa medali, kwa hiyo sisemi tuzo ilishinda kesi. Lakini kutambuliwa mapema kunampa mtetezi vitu vitatu. Kwanza ni ulinzi: mtu anayejulikana ni vigumu kumtisha kimyakimya. Pili, milango: mtendaji aliyekuwa akimwambia "njoo kesho" sasa anamkaribisha kiti. Tatu ni pumzi, yaani nguvu ya kuendelea wakati shauri linachukua miaka na nyumbani wanauliza kazi utapata lini.

Mtaani kwetu vitu hivyo ndivyo vinavyokosekana. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria: wanaelimisha watu, wanawaelekeza pa kwenda, ila hawasimami mahakamani kama mawakili. Wengi ninaowaona Mbagala ni wa rika letu. Huduma ni bure, lakini nauli ya kumfuatilia binti aliyeachishwa shule inatoka mfukoni mwao. Wanaijua Sheria ya Elimu, ilivyorekebishwa mwaka 2016, kwamba anayemuoa mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Kuijua ni jambo moja. Kumwambia hivyo mzee wa mtaa anayetaka "tuyamalize kifamilia", huku wewe una miaka 22 na huna hata barua mkononi, ni jambo jingine kabisa. Akichoka huyo kijana, yule binti ndiye anayelipa.

Basi serikali yetu ya wanafunzi inaweza kufanya nini? Naona mambo matatu yasiyohitaji bajeti ya kutisha. Tuwape barua za utambulisho wanachuo wanaojitolea mitaani, ili ofisi ya serikali ya mtaa ijue wana chuo nyuma yao. Sehemu ya fedha za sherehe iende kwenye nauli na vocha. Na tunapochagua wa kupongeza, twende Temeke na Kinondoni tuwaulize waliosaidiwa, tusihesabu wafuasi mtandaoni. Wengine hawana hata simu janja, na kuna mashauri ambayo kuyapiga picha ni kumdhalilisha aliyeumizwa.

Cheti siyo kibaya, wadau. Kibaya ni kukipeleka wakati mwenyewe ameshakata tamaa na kuacha. Ukimjua mmoja mtaani kwako, usingoje Desemba. Mpelekee jina lake waziri wetu wa katiba na sheria wiki hii.