Kadi ya Mstaafu na Taa ya Mvuvi

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, hupokea asilimia 6 ya mshahara wa mtumishi wa umma, nusu ikitoka kwake na nusu kwa mwajiri, naye anapostaafu huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake bila kuchangia tena, jambo ambalo kwa mwalimu wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, aliyezeeka na chaki mkononi ni heshima kubwa kuliko cheti cha kuagwa.

Usawa katika afya, yaani kila mtu kuhudumiwa kwa kadiri ya ugonjwa wake, si ya mfuko wake, una mtihani mgumu zaidi ufukweni mwa ziwa hilo, kwa kuwa mvuvi wa dagaa hana mshahara wa kukatwa: huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapong'aa hubaki nchi kavu akishona nyavu. Shilingi 30,000 kwa mwaka, zilizowekwa kuwa mchango wa kaya ya watu sita katika Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ni nyepesi dagaa wakianikwa, nzito mwezi ukiwa mpevu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inakusudia kumwingiza kila mkazi, ingawa kwa mgonjwa wa Kagunga, mpakani na Burundi, safari ya kufika Hospitali ya Maweni, mjini Kigoma, huweza kuanza na nauli ya boti.